Breki za Mjomba Joakimu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Marieta alikuwa na kazi ya kusafisha gari. Alifagia ndani, akafuta viti kwa kitambaa chenye maji, kisha akahamia kwenye vioo, ambavyo asubuhi za kijiji chao cha Tumati huwa vimelowa ukungu. Baba yake, Baltazar Margwe, alifungua boneti na kumimina maji kwenye rejeta huku akiongea na gari taratibu, kama mtu anayembembeleza ng'ombe wa maziwa asije akampiga teke.

"Kunywa, mama, kunywa. Leo tunakwenda Haydom tena."

Lile gari jeupe lilikuwa limechoka. Baba alilinunua likiwa limeshatumiwa na watu wengine kwa miaka mingi, na yeye mwenyewe alilitumia tangu Marieta akiwa chekechea. Sasa Marieta alikuwa darasa la sita, na namba za kilomita kwenye dashibodi zilikuwa zimeshapita laki tatu. Karibu kila siku gari lilipeleka watu mjini Haydom: wagonjwa waliokwenda hospitali, akina mama wenye magunia ya vitunguu swaumu, walimu, na mara nyingine mbuzi aliyefungwa nyuma akilia njia nzima. Familia yote ilikula kwa gari lile. Dawa za Bibi Kornelia, mama yake Baba, nazo zilitoka humo humo.

Marieta ndiye aliyesikia sauti kwanza. Walikuwa wakirudi kutoka kanisani, na Baba alipokanyaga breki karibu na daraja, chini ya gari kukatoka mlio mwembamba wa chuma kusuguana na chuma. Baba alikanyaga mara ya pili, kwa nguvu zaidi, ndipo gari likasimama.

"Baba, hiyo ni nini?"

"Vumbi tu," alisema Baba. Lakini hakuwasha redio tena mpaka walipofika nyumbani.

Wakati wa likizo fupi, Bibi Kornelia alikuwa na siku ya kupimwa shinikizo la damu, na Marieta akaenda naye Haydom. Walipomwacha Bibi kwenye foleni ya hospitali, Baba alisema, "Twende tukamwone fundi mara moja, tutarudi kumchukua."

Fundi huyo aliitwa Bonaventura. Gereji yake ilikuwa uwanja uliozungushiwa mabati, na yeye alikuwa mtu mrefu asiyecheka. Marieta alimwamkia, "Shikamoo." Akajibu, "Marahaba," bila kumtazama, kisha akaanza kumhoji Baba kana kwamba Baba ndiye mgonjwa.

"Mkanda wa injini, ule wa taimingi, ulibadilishwa lini?"

"Sijui. Nililinunua hivyo hivyo."

"Na wota pampu, ile pampu ya maji?"

"Hiyo nayo sijui. Mimi nina shida ya breki tu, fundi."

Bonaventura aliomba ufunguo. Aliliendesha gari mpaka barabarani na kurudi, akalinyanyua kwa jeki, akafungua tairi la mbele, akaingia chini akiwa na tochi. Alikaa huko muda mrefu. Kisha akamwita Baba naye ainame aone. Marieta aliinama pia.

"Unauona huu mpira?" Fundi alielekeza tochi kwenye mpira mweusi uliokuwa nyuma ya tairi. "Huu ndio unaopeleka mafuta ya breki kwenye tairi. Umechanika nje, umebaki wa ndani tu. Na hizi pedi za breki zimekwisha, ni chuma kinasaga chuma. Huko mbele, mkanda wa injini una nyufa. Maji ya rejeta yanavujia kwenye pampu. Gari likishatembea kilomita nyingi hivi, vitu vinakwisha pamoja."

"Sasa?"

"Sasa usipakie watu mpaka tulitengeneze."

Baba aliuliza bei. Fundi alihesabu kimya kimya, akasema kazi yote pamoja na spea nzuri ingefika milioni moja na nusu. Baba alicheka, lakini Marieta aliona jasho juu ya mdomo wake.

"Milioni moja na nusu! Fundi, hiyo ni bei ya mafahali wangu wawili."

"Sikulazimishi," alisema Bonaventura akirudisha tairi. "Nimekuonyesha kwa macho yako. Kazi yangu imeishia hapo."

Walimchukua Bibi, na njiani kurudi Baba alinung'unika sana. Alisema mafundi wa Haydom ni wezi, wakimwona mtu katoka kijijini wanamtisha ili wamle hela. Bibi Kornelia alisinzia. Marieta alikuwa akiutazama mguu wa Baba kwenye breki.

"Baba, je, ule mpira ukipasuka?"

"Usituitie balaa, Marieta."

Kuanzia siku ile, mpira mweusi uliochanika ulikaa kichwani mwa Marieta.

Jioni ile ile Mama alipata jawabu. "Kwa nini uende kwa watu baki wakati Joakimu yupo?" alimwambia Baba. Joakimu alikuwa mdogo wake Mama, fundi wa pikipiki na matrekta pale pale Tumati senta. Marieta alimpenda sana mjomba huyu. Alikuwa mcheshi, kila mtu alimwita rafiki, na hakuwahi kufika nyumbani kwao mikono mitupu. Alipoitwa alikuja mara moja, akazunguka gari, akapiga tairi teke mara moja, mara mbili.

"Shemeji, huyo jamaa alitaka kukunyonya damu," alisema akicheka. "Mimi nipe laki mbili. Pedi mpya, mipira mipya, kila kitu. Wewe ni ndugu yangu, siwezi kukuumiza."

Hata tairi hakulifungua. Baba naye hakumwomba afungue. Uso wake ulikunjuka kama wa mtu aliyetuliwa gunia begani.

Kesho yake mchana Mama alimtuma Marieta apeleke makande kwenye banda la Mjomba. Alipofika, Baba hakuwepo. Alikuwa amekwenda dukani kuzungumza na wenzake. Gari lilikuwa juu ya mawe, matairi ya mbele yametolewa, na Mjomba alichuchumaa akipiga mluzi. Mkononi alishika kipande cha msasa. Alikuwa akisugua pedi za breki, zile zile nyembamba za zamani, mpaka zikang'aa. Kisha akazipaka rangi nyeusi kwenye mgongo.

Marieta alisimama na sufuria mikononi. Mjomba alichukua ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, akauzungusha juu ya ule mpira uliochanika, akaukaza kwa waya.

"Mjomba, shikamoo."

Joakimu alishtuka. "Ah! Marahaba, mwanangu. Umeleta chakula? Weka hapo."

"Mjomba, hivyo si vile vya zamani?"

"Vya zamani ndivyo vizuri. Hivi vya siku hizi ni feki tupu. Mimi nimevifufua tu." Alicheka, lakini safari hii kicheko chake kilikuwa kifupi. "Mtoto wa shule usijisumbue na mambo ya gari."

Baba alitokea akiwa amebeba chupa ya soda aliyomletea fundi wake. "Vipi, shemeji? Tumefika wapi?"

"Tumemaliza!" alisema Mjomba. "Nimefunga kila kitu kipya. Sasa unaweza kwenda mpaka Arusha bila wasiwasi."

Marieta alimtazama Mjomba. Mjomba naye alimtazama. Lilikuwa jicho ambalo hakuwahi kuliona usoni pake, jicho baridi. Baba alipoingia ndani ya gari kujaribu breki, Joakimu alimwinamia Marieta na kusema kwa sauti ya chini:

"Haya ni mambo ya wakubwa. Ukianza maneno, mama yako atagombana na mimi, na baba yako atagombana na mama yako. Unataka nyumba yenu ivunjike kwa sababu yako?"

Marieta alitikisa kichwa. Alirudi nyumbani mbio bila sufuria, na Mama alipomuuliza, alisema ameisahau.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Shule ilipofunguliwa, gari liliondoka asubuhi likiwa limejaa watu, naye akiwa darasani alihesabu vilima walivyopita. Sasa wako darajani. Sasa wako kwenye mteremko wa korongo. Pikipiki ikisimama karibu na shule, alidhani ni mtu ameleta habari mbaya. Mwalimu alimwita mara mbili ubaoni asisikie. Jioni aliposikia honi ya gari la Baba alishukuru Mungu, lakini shukrani haikumaliza hofu, maana kulikuwa na kesho.

Siku moja alijaribu. Mama alikuwa akichambua maharage uani, naye akakaa karibu yake.

"Mama, unadhani Mjomba anajua kutengeneza breki?"

"Joakimu? Kama si yeye tungekuwa wapi?" alisema Mama kwa furaha. "Tungeuza mafahali, halafu shamba tungelima na nini? Mungu amlinde ndugu yangu." Akamtazama. "Mbona huli siku hizi? Unaumwa?"

"Hapana, Mama."

Akachota maharage na kuanza kuchambua. Nani angemwamini mtoto mbele ya mtu mzima anayependwa na kila mtu? Na kama wangemwamini, je, kweli Mama na Baba wangeachana? Aliogopa kusema, na aliogopa kunyamaza.

Kisha ikafika tena siku ya Bibi Kornelia kurudi hospitali. Ilikuwa Jumamosi. Marieta alisema tumbo linamuuma. Mama akamshika paji la uso.

"Huna homa. Bibi yako haoni vizuri, nani atamshika mkono kwenye ngazi? Vaa sweta, nenda naye."

Akavaa sweta. Kwenye gari aliketi nyuma ya kiti cha Baba, Bibi akiwa pembeni yake. Upande wa pili aliketi dada mmoja wa jirani aliyeitwa Agatha, mwenye mtoto mchanga aliyekuwa na homa tangu jana. Mbele alikaa mzee Alfredi, na magunia yake ya vitunguu swaumu yalijaa nyuma hadi kwenye kioo. Harufu ya vitunguu iliziba pumzi. Mtoto wa Agatha alikuwa amelala mdomo wazi, mkono wake mdogo umetoka nje ya blanketi.

Walipokaribia daraja, Baba alikanyaga breki. Marieta alichungulia kati ya viti, akaona mguu wake ukienda chini, ukapanda, ukaenda chini tena. Mara mbili. Mara tatu. Gari lilipunguza mwendo kwa shida.

"Baltazar, gari lako linafikiria kwanza ndipo lisimame," alisema mzee Alfredi.

"Limetoka kwa fundi juzijuzi tu, mzee. Vifaa vipya, vinazoeana."

Mbele yao barabara ilipanda kilima, na nyuma ya kilima hicho kulikuwa na mteremko wa korongo. Marieta aliujua vizuri. Barabara ya changarawe ilishuka kwa kona mbili kali. Kushoto kulikuwa na bonde ambalo miti yake ilionekana midogo kama majani, na kulia ukingo wa udongo mwekundu uliochongwa walipotengeneza barabara. Gari lilifika juu ya kilima. Likaanza kuinama.

Marieta aliutazama mkono wa yule mtoto. Akafumba macho, akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa kubwa kuliko alivyotaka.

"Baba! Mjomba hakuweka vipya! Alisugua vya zamani! Mpira ameufunga kwa tyubu ya baiskeli, nilimwona!"

"Nini?"

"Nilimwona, Baba! Simamisha gari!"

"Nyamaza, Marieta, unatisha abiria!" Lakini hata akiwa anafoka, mkono wa Baba ulikuwa tayari kwenye gia. Aliishusha kutoka ya nne kwenda ya tatu, kutoka ya tatu kwenda ya pili, na injini ikanguruma kwa sauti kubwa. Kisha akakanyaga breki ili asimame.

Mguu ulizama mpaka chini.

Akakanyaga tena. Hakukuwa na kitu. Ilikuwa kama kukanyaga maji.

"Yesu wangu," alisema Baba.

Hakuna aliyepiga kelele. Hicho ndicho Marieta alichokumbuka baadaye, kwamba kwa muda mfupi gari zima lilikuwa kimya na changarawe zilisikika zikirushwa chini. Bibi Kornelia alianza kusali kwa Kiiraqw. Agatha alimkumbatia mtoto wake na kujikunja juu yake. Kona ya kwanza ilikuja, Baba akazungusha usukani kwa mikono yote miwili, matairi yakateleza kuelekea bondeni, kisha yakashika tena. Marieta aliona vilele vya miti chini yao, karibu kabisa na dirisha la upande wa Agatha. Hakuweza hata kulia.

"Shikeni viti!" alipiga kelele Baba. Alivuta breki ya mkono. Gari likayumba nyuma lakini halikusimama. Akalazimisha gia ya kwanza, injini ikalia kwa uchungu, mwendo ukapungua kidogo, na kona ya pili ikaanza kuonekana. Hakuna gari lililokuwa likipanda. Baba akakata usukani kulia, akavuka barabara, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo.

Lilikwaruza. Lilikwaruza kwa mlio mrefu wa kutisha, kioo cha pembeni kikang'oka, mlango wa Baba ukabonyea, udongo mwekundu ukamwagika ndani. Magunia ya vitunguu yaliruka mbele. Kisha tairi likaingia mtaroni, na gari likasimama kwa kishindo kimoja.

Halafu mtoto wa Agatha akalia, na Marieta hakuwahi kusikia sauti nzuri kama ile.

Walitoka mmoja mmoja kupitia mlango wa kushoto. Mzee Alfredi alikuwa na damu kwenye paji la uso. Bibi Kornelia alishika mkono wake wa kulia, umevimba juu ya kiwiko, lakini alikataa kuketi mpaka amhesabu kila mtu. Waendesha bodaboda wawili waliokuwa wakipita walimchukua Agatha na mtoto wake, kisha Bibi na mzee Alfredi, wakawapeleka hospitali taratibu. Marieta alibaki na Baba.

Baba alikuwa amekaa chini kando ya barabara. Marieta alisimama mbali, akingoja kupigwa au kufokewa.

"Njoo hapa," alisema Baba. "Niambie yote."

Akamwambia. Msasa, rangi nyeusi, tyubu, waya, na maneno ya Mjomba kuhusu nyumba kuvunjika. Alilia akisimulia, na Baba hakumkatiza hata mara moja. Mwishoni Baba alichukua simu, akampigia mtu mmoja tu.

Bonaventura alikuja kwa pikipiki, na mfuko wa spana mgongoni. Hakusema "nilikuambia." Aliweka mawe nyuma ya matairi, akafungua tairi la mbele, akakata waya. Ukanda wa tyubu ulidondoka, na ule mpira chini yake ulikuwa umepasuka, unachuruzika mafuta.

"Ulikuwa gia ya ngapi?" aliuliza.

"Ya nne. Mtoto alipopiga kelele nikashusha hadi ya pili, kisha ndipo nikakanyaga breki."

Bonaventura alimtazama Marieta kwa mara ya kwanza. "Kama baba yako angekanyaga akiwa kwenye ya nne pale konani," alisema, "mimi leo ningekuja na watu wa kuwatoa bondeni."

Habari zilikuwa zimeshafika Tumati. Mjomba Joakimu alitokea mbio kwenye pikipiki, na Mama nyuma yake akilia. Mama alimkumbatia Marieta. Joakimu aliona mlango uliobonyea, akaona damu kwenye kiti cha mbele, akaona ukanda wake wa tyubu mkononi mwa Bonaventura. Ule ucheshi wake wote ulikuwa umepotea.

"Shemeji, mimi sikujua kwamba..."

"Ulijua," alisema Baba. "Ulijua kwamba laki mbili haziwezi kununua vifaa vile. Ukasema umeweka vipya."

Joakimu aliinama. Kisha akasema, taratibu, "Na wewe, shemeji? Wewe hukujua?"

Marieta alidhani Baba angempiga. Badala yake Baba aligeuka kutazama bondeni.

"Nilijua," alisema. "Fundi huyu alinionyesha kwa tochi. Niliogopa bei yake, nikamtafuta mtu wa kuniambia ninachotaka kusikia. Nikampata."

Jambo hilo lilipelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Joakimu alikiri mbele ya watu, akarudisha pesa, akagharamia matibabu ya mzee Alfredi na ya Bibi, ambaye mkono wake ulikuwa umevunjika. Alizuiwa kugusa breki za gari lolote linalobeba watu mpaka asomee kazi hiyo. Mama hakuzungumza naye kwa majuma mengi. Nyumba yao, hata hivyo, haikuvunjika.

Gari lilivutwa hadi Haydom. Baba aliuza fahali mmoja, na wa pili hakumuuza, kwa sababu safari hii alikaa na Bonaventura akauliza maswali yake yote, naye fundi akamjibu.

"Hatuna lazima ya kufanya vyote kwa siku moja," alisema Bonaventura. "Tuanze na vile vinavyoua: breki zote, mipira, pedi. Halafu mkanda na pampu, maana hivyo vikikatika vitakuulia injini na utalipa mara tatu. Mlango uliobonyea usubiri mpaka uvune."

"Na kabla hujafunga kifaa, nitakiona?"

"Utakiona kwenye boksi lake. Na cha zamani nitakukabidhi uende nacho. Fundi anayekataa kukuonyesha cha zamani, mkimbie, hata awe kaka yangu."

Kazi ilipokwisha, Baba alikwenda na Marieta kulichukua gari. Bonaventura aliwaonyesha vifaa vya zamani juu ya gunia, akaeleza kila kimoja kilivyochoka. Hakucheka hata mara moja, na Marieta hakujali tena. Kabla ya kuondoka, Baba alizima injini aliyokuwa ameshaiwasha, akageuka kumtazama binti yake.

"Marieta, kwa nini hukuniambia siku ile ile?"

"Niliogopa, Baba. Nilimwogopa Mjomba, na wewe ulikuwa na furaha."

Baba aliitikia kwa kichwa. "Na mimi niliogopa. Niliogopa gharama, na hofu yangu ikanifanya nichague fundi kwa maneno yake matamu na bei yake ndogo. Kosa langu ni kubwa kuliko lako, maana mimi ni mtu mzima. Lakini sikiliza, na usisahau. Ukiona kitu kinachoweza kuumiza watu, sema. Sema hata kama aliyekosea ni ndugu, hata kama ni mimi, hata kama nimekasirika. Hasira yangu itakwisha ifikapo jioni. Mtu akifa harudi. Na mtu mzima akikuambia ufiche jambo la hatari, hapo hapo ujue kwamba halipaswi kufichwa."

"Ndiyo, Baba."

"Na mimi, mtu akinieleza ukweli unaoniuma, sitamwita mwizi tena."

Akawasha injini. Walipita nje ya mji, wakapita mashamba ya mahindi yaliyoanza kukauka, mpaka wakafika penye korongo. Safari hii walikuwa wakitoka chini kwenda juu, lakini baada ya kilima barabara ilishuka tena kuelekea darajani. Marieta alishika kiti kwa mikono yote miwili. Baba aliliona hilo kwenye kioo. Alishusha gia mapema, akakanyaga breki mara moja tu, polepole, na gari likatii.